Mzigo wa Mshikaji: Wamiliki wa Bastola ya Kaliba .45 na Hesabu ya Kasoro Zake nchini Marekani, 1904–2017

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna wamiliki wa bastola kubwa ya nusu-otomatiki nchini Marekani walivyozipima kasoro zake, kuanzia majaribio ya Chicago ya mwaka 1904 hadi uteuzi wa bastola mpya ya jeshi mwaka 2017. Mkazo umewekwa kwenye bastola ya Colt M1911 ya kaliba .45, na kwenye jaribio fupi la idara ya upelelezi ya FBI la kutumia kaliba ya milimita 10. Makala yanadai kwamba hoja za kuichagua silaha hiyo zilianzia kwenye mwili wa mtu anayepigwa, ilhali kasoro zake zilibebwa na mwili wa mtu anayepiga. Kwa sababu wachaguzi na wabebaji hawakuwa watu wamoja, kasoro zilizojulikana mapema zilichukua miongo mingi kabla ya kuingizwa katika maamuzi rasmi.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama mzigo ukiwa begani mwa mwingine huuona mwepesi, na aghalabu hushangaa kwa nini mbebaji analalamika. Historia ya silaha za mkononi inatoa mifano mingi ya mizigo iliyochaguliwa na watu ambao hawakuibeba wao wenyewe. Mmoja wa mifano hiyo ni bastola ya Colt M1911, iliyokuwa silaha rasmi ya mkononi ya jeshi la Marekani kuanzia mwaka 1911 hadi 1985.

Bastola hiyo ilitumia risasi yenye kipenyo cha inchi 0.45, yaani takribani milimita 11.43. Risasi yake ya kijeshi ilikuwa na uzito wa karibu gramu 15 na ilitoka mtutuni kwa kasi ya takribani mita 250 kwa sekunde. Bastola yenyewe, bila risasi, ilikuwa na uzito wa kilo 1.1, urefu wa milimita 216, na magazini ya risasi 7. Ilikuwa ya nusu-otomatiki: kila kifyatulio kilipovutwa risasi moja ilitoka, ganda lilitupwa nje, na risasi nyingine ikapanda kwenye chemba bila mkono wa mpigaji kufanya kazi hiyo.

Neno "wamiliki" katika makala haya linabeba makundi matatu. Kundi la kwanza ni taasisi zilizoinunua na kuigawa, hususan jeshi na idara za usalama. La pili ni askari aliyekabidhiwa silaha bila kuulizwa kama anaitaka. La tatu ni raia aliyeinunua kwa fedha zake. Makundi haya yaliitazama silaha ileile, lakini hayakuziona kasoro zilezile. Taasisi iliona gharama na ugavi. Askari aliona uzito na ugumu wa kulenga. Raia, ambaye alikuwa na uhuru wa kuibadili au kuiuza, aliziona kasoro zote na mara nyingi alizisamehe. Kutofautiana huku ndiko kunakochunguzwa hapa.

2.0 Chimbuko la Hoja: Ufilipino na Chicago

Marekani iliichukua Ufilipino kutoka kwa Hispania mwaka 1898, na mwaka uliofuata vita vikazuka kati ya jeshi lake na Wafilipino waliodai uhuru. Vita hivyo vilitangazwa kumalizika mwaka 1902, lakini kusini, katika kisiwa cha Mindanao na visiwa vya Sulu, mapambano na Wamoro ambao ni Waislamu yaliendelea hadi mwaka 1913. Maofisa wa Marekani waliokuwa huko walibeba rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, ya kaliba .38. Malalamiko yao yalikuwa kwamba risasi hiyo haikumsimamisha adui aliyekuja mbio na panga mkononi. Rivolva za zamani za kaliba .45 zilitolewa ghalani na kupelekwa huko.

Malalamiko hayo yalikuwa ya kweli kwa waliokumbana na hatari hiyo, lakini namna yalivyosimuliwa baadaye inahitaji kutazamwa kwa makini. Kisa kimoja kinachotajwa mara kwa mara kilihifadhiwa na daktari wa jeshi, Louis A. La Garde, katika kitabu chake cha mwaka 1914 kuhusu majeraha ya risasi. Kinamhusu Antonio Caspi, aliyepigwa risasi nne za kaliba .38 kwa karibu na hatimaye akaangushwa kwa kitako cha bunduki. Kisa hiki hutumiwa kana kwamba ndicho kilichozaa uamuzi wa kaliba .45. Hata hivyo, Caspi alikuwa mfungwa aliyejaribu kutoroka katika kisiwa cha Samar, mbali na nchi ya Wamoro, na tukio lilitokea Oktoba 1905, yaani baada ya majaribio ya Chicago kukamilika. Ushahidi ulikuja baada ya hukumu. Aidha, Caspi anaingia katika historia kama kipimo cha risasi tu. Kwa nini alikuwa mfungwa, na alitaka kwenda wapi, si maswali ambayo kumbukumbu ya silaha ilijishughulisha nayo.

Majaribio yenyewe yalifanyika mwaka 1904 chini ya La Garde na Kapteni John T. Thompson wa Idara ya Silaha, ambaye miaka ya baadaye jina lake lilipewa bunduki ndogo ya rashasha. Walizipiga maiti za binadamu ili kutazama mifupa inavyovunjika, kisha wakapiga ng'ombe hai katika machinjio ya Chicago ili kutazama muda wanaochukua kuanguka. Risasi za kaliba mbalimbali zililinganishwa, zikiwemo za bastola za Luger za Ujerumani. Idadi ya wanyama ilikuwa ndogo na taratibu hazikuwa zilezile kwa kila mnyama. Ndiyo maana watafiti wa baadaye wameyakosoa sana. Hitimisho lake, hata hivyo, lilikuwa bayana: bastola ya kijeshi isipungue kaliba .45.

Kuna sehemu ya taarifa hiyo ambayo haikupata umaarufu uleule. Thompson na La Garde walieleza pia kwamba hakuna risasi ya bastola inayoweza kutegemewa kumsimamisha mtu isipompiga mahali penye uhai mkubwa, na kwa hiyo askari wanaobeba bastola wafanyishwe mazoezi ya shabaha bila kukoma. Taarifa, kwa maneno mengine, ilikuwa na mapendekezo mawili: risasi kubwa na mkono uliozoezwa. Jeshi lilinunua la kwanza. La pili lilihitaji risasi nyingi za mazoezi, muda na walimu, na lilibaki kuwa nasaha.

Kutoka hapa tatizo la msingi linaonekana. Kwa kanuni ya Newton, kila tendo lina mrejesho ulio sawa nalo. Nguvu inayoisukuma risasi nzito mbele huisukuma bastola nyuma, kwenye kiganja na kifundo cha mkono wa mpigaji. Majaribio ya Chicago yalipima kwa uangalifu, ingawa kwa upungufu, kilichompata ng'ombe. Kilichoupata mkono hakikuwekwa kwenye mizani.

3.0 Bastola ya Mwaka 1911 na Mkono wa Mpanda Farasi

Mbuni wa bastola iliyochaguliwa alikuwa John Moses Browning, mzaliwa wa Ogden, jimbo la Utah. Mashindano yalianza rasmi mwaka 1907 na wabunifu kadhaa walileta kazi zao, lakini hatimaye walibaki wawili: Colt, kwa ubunifu wa Browning, na Savage. Katika jaribio la mwisho la Machi 1911 kila bastola ilipigishwa risasi 6,000 katika muda wa siku mbili. Ya Colt ilimaliza bila kukwama. Ya Savage ilikwama mara kadhaa. Tarehe 29 Machi 1911 Colt ikakubaliwa rasmi.

Kundi la wabebaji lililosikilizwa katika hatua hii lilikuwa askari wa farasi, na liliposikilizwa silaha ilibadilika. Mpanda farasi ana mkono mmoja tu wa kupiga. Wa pili umeshika hatamu. Farasi akishtuka, bastola iliyo tayari kupiga ni hatari kwa mpandaji na kwa farasi wake. Kwa sababu hiyo waliomba kizuizi kwenye mpini kinachofunga bastola isipokuwa imeshikwa barabara, na baadaye kizuizi cha pili kinachosukumwa kwa kidole gumba. Vyote viwili viliingizwa. Pete ya kufungia kamba iliwekwa chini ya mpini ili bastola ikimponyoka mpandaji isipotelee njiani.

Mfano huu ni muhimu kwa sababu unaonyesha kwamba kasoro hazikuwa siri, wala wabunifu hawakuwa wakaidi. Mbebaji alipokuwa na sauti katika kamati, silaha ilifuata mwili wake. Askari wa farasi walikuwa na maofisa wakubwa, heshima ya kale na nafasi mezani. Dereva, mpishi, mshika mzinga na karani wa jeshi, ambao miaka michache baadaye wangekabidhiwa bastola ileile, hawakuwa nayo.

4.0 Marekebisho ya Miaka ya 1920: Chuma kama Kumbukumbu

Marekani iliingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917, na bastola ikasambazwa kwa watu wengi kuliko ilivyowahi kutarajiwa. Viwanda havikuweza kutosheleza mahitaji, hivyo rivolva za Colt na za Smith & Wesson zilirekebishwa ili zitumie risasi hiyohiyo. Vita vilileta pia sifa. Alvin York, koplo kutoka Tennessee, aliitumia bastola hiyo tarehe 8 Oktoba 1918 kuwapiga Wajerumani waliomrukia kutoka handakini, na simulizi lake likawa sehemu ya hadhi ya silaha. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba York alikuwa mlengaji hodari tangu ujana wake wa uwindaji. Alikuwa nao ule mkono uliozoezwa ambao taarifa ya mwaka 1904 iliutaka.

Kuhusu askari wa kawaida, kumbukumbu nzuri imeachwa na chuma chenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 jeshi liliidhinisha marekebisho yaliyozaa toleo lililoitwa M1911A1. Kifyatulio kilifupishwa, na mwili wa bastola ukachongwa kidogo nyuma yake pande zote mbili. Mkia wa kizuizi cha mpini ulirefushwa, na ncha ya nyundo ikafupishwa. Sehemu ya nyuma ya mpini, iliyokuwa bapa, ilitengenezwa kwa umbo la upinde. Kionyeshi cha mbele cha kulengea kilipanuliwa.

Kila badiliko ni jibu la lalamiko. Kifyatulio kilifupishwa kwa sababu vidole vya wengi havikukifikia sawasawa. Mkia ulirefushwa kwa sababu nyundo, inaporudi nyuma, ilikuwa ikiibana na kuichana ngozi iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Mpini ulipindwa kwa sababu wapigaji wengi walijikuta wakielekeza mtutu chini ya shabaha. Kionyeshi kilipanuliwa kwa sababu cha awali kilikuwa chembamba mno kuonekana upesi. Hakuna hata badiliko moja lililohusu risasi kushindwa kazi yake. Yote yalihusu mkono na jicho la mshikaji. Mwanahistoria asiyekuwa na barua za askari hao anaweza kuyasoma malalamiko yao katika tofauti kati ya bastola mbili zilizowekwa meza moja.

Marekebisho hayo yaliponya majeraha ya ngozi na kurahisisha mshiko. Hayakugusa uzito, idadi ya risasi wala mshtuko. Kwa upande wa mshtuko, soko la raia lilitoa ushahidi mwingine. Mwaka 1931 kampuni ya Colt ilianza kuuza bastola iliyoitwa Ace, yenye umbo la M1911 lakini inayotumia risasi ndogo na nafuu ya kaliba .22. Baadaye katika muongo huo ilitolewa Service Ace, iliyokuwa na chemba maalumu ya kuongeza mshtuko wa risasi hiyo ndogo ili ufanane kwa kiasi na ule wa .45. Bidhaa hizi zisingekuwa na wanunuzi kama risasi za .45 zingekuwa nafuu na mshtuko wake ungezoeleka bila taabu. Mwenye bastola kubwa alihitaji bastola ndogo ya kujifunzia.

5.0 Bastola kwa Kila Mtu: Vita vya Pili vya Dunia

Katika Vita vya Pili vya Dunia zilitengenezwa bastola za M1911A1 takribani milioni 1.9. Colt haikutosha peke yake. Remington Rand, iliyojulikana kwa mashine za kuandikia, iligeuka kuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote; Union Switch & Signal, iliyokuwa ikitengeneza ishara za reli, ilipewa mkataba; na Singer, ambayo jina lake liko juu ya vyerehani katika baraza nyingi za Afrika Mashariki, ilitengeneza 500 tu kabla ya kuhamishiwa kazi nyingine za vita. Mtengenezaji wa cherehani aliweza kuitengeneza bastola hiyo vizuri; ugumu haukuwa katika kuiunda bali katika kuitumia.

Jeshi lenyewe lilikiri ugumu huo, ingawa si kwa maneno. Kabla Marekani haijaingia vitani Desemba 1941, Idara ya Silaha ilikuwa imeshaidhinisha bunduki fupi na nyepesi, karabini ya M1, iliyokusudiwa kwa askari wasio wa mstari wa mbele: madereva, wapishi, mafundi, washika mizinga na baadhi ya maofisa. Wengi wao wangepaswa kubeba bastola. Karabini ilikuwa na uzito wa takribani kilo 2.4, yaani zaidi ya mara mbili ya uzito wa bastola, na ilimlazimu mtu kuibeba begani badala ya kuiweka kwenye ala kiunoni. Pamoja na hayo ilikubaliwa, na zaidi ya karabini milioni 6 zikatengenezwa.

Uamuzi huo una maana kubwa. Taasisi iliyokuwa na bastola yenye sifa ya kumwangusha adui kwa risasi moja iliamua kwamba askari asiye na mafunzo marefu ana nafasi nzuri zaidi ya kuishi akiwa na silaha nzito zaidi lakini inayolengeka, yenye kitako cha kuegemeza begani na magazini ya risasi 15. Kimantiki, huo ulikuwa uamuzi dhidi ya bastola kubwa. Lakini haukutangazwa hivyo, na bastola ikabaki ghalani na viunoni kwa miaka mingine 40.

6.0 Watetezi na Hesabu Yao

Haitakuwa haki kuwaonyesha wapenzi wa bastola hii kama watu wasioona kasoro. Kinyume chake, waliziona vizuri kuliko taasisi, kwa kuwa waliitumia zaidi. Katika mashindano ya kitaifa ya shabaha ya Camp Perry, Ohio, ilijulikana kwamba bastola ya kawaida ya jeshi haikuwa na usahihi wa kutosha. Vipande vyake viliachiwa nafasi kati yao ili vumbi na matope visiikwamishe. Mafundi silaha walivibana vipande hivyo na usahihi ukaongezeka, lakini bastola iliyobanwa mno haikuvumilia uchafu. Mmiliki alilazimika kuchagua kati ya bastola inayopiga popote na bastola inayopiga palepale inapolengwa.

Mtetezi aliyejulikana kuliko wote alikuwa Jeff Cooper, ofisa wa zamani wa wanamaji wa nchi kavu, aliyeanzisha shule ya bastola huko Arizona mwaka 1976. Cooper alitetea kaliba .45 kwa miongo mingi, lakini utetezi wake ulikwenda sambamba na masharti: mikono miwili badala ya mmoja, macho kwenye kionyeshi cha kulengea, na mazoezi ya kudumu. Alifundisha pia bastola ibebwe ikiwa na risasi kwenye chemba, nyundo imerudishwa nyuma na kizuizi kimefungwa, ili ichomolewe na kupigwa bila kuchelewa. Jeshi, kwa hofu ya ajali, kwa kawaida lilielekeza chemba iwe tupu mpaka hatari ikaribie. Bastola ileile ilikuwa ya haraka mikononi mwa mwanafunzi wa Cooper, na ya polepole kiunoni mwa askari aliyetii amri.

Hapa ndipo tofauti ya wamiliki inapojitokeza. Raia aliyelipa ada ya shule, akanunua maelfu ya risasi na kumlipa fundi, aliigeuza bastola yenye kasoro kuwa silaha bora. Alipoisifu, alisema kweli. Lakini alichokuwa akikisifu kilikuwa jumla ya bastola, fundi, mwalimu na mazoezi. Askari alipewa kipande kimoja tu cha jumla hiyo. Ndiyo maana mjadala wa miaka mingi kati ya watetezi na wapinzani haukuwa na mshindi: kila upande ulikuwa ukizungumzia kitu tofauti kwa jina lilelile.

7.0 Kutoka 1949 hadi 1985

Mwaka 1949 jeshi lilitoa masharti ya bastola mpya: itumie risasi ya milimita 9, isizidi uzito wa takribani gramu 710 wala urefu wa milimita 178. Masharti hayo ni orodha ya kasoro za M1911 iliyoandikwa kinyume. Colt ilijibu kwa bastola iliyoitwa Commander, yenye mwili wa alumini, na Smith & Wesson ikabuni nyingine iliyokuja kuitwa Model 39. Katikati ya miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Maghala yalikuwa yamejaa bastola za vita zilizokwisha kulipiwa, na silaha inayofanya kazi haibadilishwi kwa sababu tu inamchosha mbebaji.

Jaribio hilo lilifundisha jambo lingine. Commander ilipotengenezwa kwa kaliba .45, uzito ulipungua lakini mshtuko ukaongezeka, kwa kuwa chuma kizito ndicho kilichokuwa kikiumeza. Kasoro mbili kubwa zilikuwa zimefungana: kupunguza moja ni kuzidisha nyingine. Njia pekee ya kupunguza zote mbili kwa pamoja ilikuwa kupunguza risasi yenyewe, na hapo ndipo hoja ya mwaka 1904 iliposimama mlangoni.

Kilichoufungua mlango huo hakikuwa mkono wa askari bali daftari la ugavi. Washirika wa Marekani katika NATO walikuwa wakitumia risasi ya milimita 9. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Bunge la Marekani lilihoji kwa nini majeshi ya nchi moja yana aina nyingi za bastola na risasi. Wakati huohuo idadi ya wanawake jeshini ilikuwa ikiongezeka, hasa baada ya kikosi chao cha pekee, WAC, kufutwa mwaka 1978 na askari wake kuingizwa katika vikosi vya kawaida. Silaha iliyowasumbua wanaume wenye mikono midogo tangu mwaka 1917 sasa ilikuwa na watu wengi zaidi wa kusumbua. Baada ya majaribio na mabishano, tarehe 14 Januari 1985 bastola ya Beretta ya Italia ilitangazwa kuwa mshindi na ikaitwa M9. Ilikuwa ya milimita 9 na ilibeba risasi 15, zaidi ya maradufu ya M1911. Haikuwa nyepesi sana kuliko iliyotangulia, na miaka michache baadaye sehemu yake ya juu ilipasuka na kuwajeruhi baadhi ya wapigaji. Kila silaha ina mzigo wake.

8.0 Miami, 1986: Kosa Lililorudiwa

Mwaka mmoja tu baada ya jeshi kuiacha kaliba kubwa, FBI iliigeukia. Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, maofisa wanane wa idara hiyo walipambana na wanyang'anyi wawili wa benki. Maofisa Jerry Dove na Benjamin Grogan waliuawa na wengine watano wakajeruhiwa kabla ya wanyang'anyi hao kufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba risasi ya milimita 9 iliyompiga mmoja wao mapema ilipita mkononi, ikaingia kifuani, na ikasimama karibu na moyo bila kuufikia. Aliendelea kupigana, na katika muda huo alisababisha maafa makubwa.

Swali lililoulizwa lilikuwa lilelile la Ufilipino: kwa nini risasi haikumsimamisha? Lilikuwa swali halali, na lilileta faida, kwani FBI iliweka kipimo kwamba risasi ipenye angalau inchi 12, yaani sentimita 30, ndani ya jelatini. Lakini lilifunika maswali mengine, likiwemo kwamba mnyang'anyi huyo alikuwa na bunduki ndefu ilhali wengi wa maofisa walikuwa na bastola tu. Jibu likawa kaliba ya milimita 10, risasi yenye nguvu kupita .45.

Kilichofuata kilikuwa historia ya miaka 80 iliyofupishwa ndani ya miongo michache. Risasi ya milimita 10 yenye nguvu kamili ilionekana kuwa na mshtuko mkubwa mno, hivyo FBI ikachagua yenye baruti iliyopunguzwa. Bastola ya Smith & Wesson 1076, iliyoingia kazini mwaka 1990, ilikuwa kubwa na nzito, ikapata hitilafu na kuondolewa baada ya muda mfupi. Ikabainika kwamba risasi iliyopunguzwa nguvu haihitaji ganda refu. Likafupishwa, na Januari 1990 ikazaliwa kaliba.40 inayoingia katika bastola yenye ukubwa wa ile ya milimita 9. FBI iliichukua mwaka 1997. Hatimaye, mwaka 2014, kitengo chake cha mafunzo kiliandika hoja za kurejea milimita 9. Kilikadiria kwamba asilimia 70 hadi 80 ya risasi zinazopigwa na maofisa katika mapambano hazimpati mlengwa. Maofisa wengi, kilieleza, hupiga kwa haraka na usahihi zaidi wanapotumia risasi yenye mshtuko mdogo, na risasi za kisasa za milimita 9 zinatimiza kipimo cha upenyaji.

Kwa mara ya kwanza mkono wa mpigaji uliwekwa kwenye mizani moja na mwili wa mpigwaji, na mizani ikaegemea upande mwingine. Risasi kubwa isiyogonga ni ndogo kuliko risasi ndogo iliyogonga. Jambo hilo halikuwa ugunduzi mpya. Lilikuwamo katika pendekezo la pili la Thompson na La Garde.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kasoro kuu za bastola ya kaliba .45, yaani uzito, mshtuko, ukubwa wa mpini, uchache wa risasi na gharama ya mazoezi, zilijulikana mapema na kwa uwazi. Zinaonekana katika vizuizi walivyoomba askari wa farasi, katika mpini uliopindwa miaka ya 1920, katika karabini ya mwaka 1941 na katika masharti ya mwaka 1949. Uamuzi ulichelewa kwa sababu aliyezihesabu hakuwa ndiye aliyeamua, na kwa sababu simulizi la adui asiyesimamishwa lilikuwa na nguvu kuliko lalamiko la askari ambaye mkono wake ulichanika mazoezini.

Simulizi hilo liliwasahau watu wa pande zote mbili za mtutu. Upande mmoja alisahauliwa Antonio Caspi, aliyebaki kuwa mfano wa risasi nne. Upande wa pili alisahauliwa askari aliyepewa silaha ya bingwa bila kupewa mazoezi ya bingwa. Mwaka 2017 jeshi la Marekani lilichagua bastola ya SIG Sauer iliyoitwa M17, ya milimita 9, ambayo mpini wake hubadilishwa kuwa mdogo, wa kati au mkubwa kulingana na kiganja cha anayeishika. Tangu siku ng'ombe walipopigwa katika machinjio ya Chicago ilikuwa imepita miaka 113, na ndipo kipimo cha mkono kilipozingatiwa katika bastola iliyochaguliwa.